Ubishi wa injini katikati unadai uwanja Kilosa

Mechi ikienda mapumziko kwenye vibanda umiza vya Chanzuru, wilayani Kilosa, ubishi haupumziki. Dakika 15 za kusubiri kipindi cha pili simu zinatoka mifukoni, na siku hizi kinachotazamwa si mabao peke yake. Kuna gari pia. La chini kama limechuchumaa, paa limefunuliwa, injini iko mgongoni mwa dereva. Ni Chevrolet Corvette ZR1 ya paa la kufunguka, yenye nguvu ya farasi 1,064, na bei yake huko Marekani inazidi Dola 180,000.

Hakuna aliyeligusa. Wengi hawajaliona hata likiwa limeegeshwa. Lakini maoni yapo, na yana moto uleule wa Simba na Yanga. Mmoja akisema gari ni noma, mwingine anamjibu kwamba wameliharibu. Na mpira ukianza tena bado kuna wawili nyuma ya kibanda wanaobishana injini ikae wapi.

Ni rahisi kuwacheka. Vijana wa kata ambayo usafiri wake mkubwa ni bodaboda wana uchungu gani na gari la mamilioni? Anayewacheka hajawasikiliza. Ubishi wao una hoja na una kumbukumbu, na unagusa jambo ambalo wenye dhamana ya michezo nchini wamelipa mgongo kwa muda mrefu.

KAMBI TATU

Corvette ya kwanza ilitoka mwaka 1953, injini ikiwa mbele. Ikabaki mbele kwa vizazi saba. Julai 2019 kikatoka kizazi cha nane, na injini ikahamishiwa nyuma ya viti, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Ni kama timu iliyocheza mfumo mmoja kwa miaka 66, halafu siku moja kocha mpya anaingia na kupangua kila kitu. Oktoba mwaka huohuo likaja toleo la paa la kufunguka, na kelele zikapanda.

Kambi ya kwanza ni ya wakongwe. Kwao Corvette ni boneti ndefu na injini mbele, basi. Kilichowauma zaidi ni gia. Gari jipya halina klachi ya kukanyaga, linabadilisha gia lenyewe au kwa vibonyezo vya kwenye usukani. Kwa wakongwe hapo dereva amenyang'anywa kazi yake. Wanaongeza kwamba gari limeacha sura ya kwao na kufanana na Ferrari. Malalamiko hayo shabiki wa soka anayajua: timu inashinda, lakini si ile timu yetu.

Kambi ya pili inaangalia kazi. Injini ndiyo mzigo mkubwa kwenye gari. Ukiuweka katikati, gari linakata kona bila kuburuzwa na pua nzito, na uzito unayakandamiza matairi ya nyuma, yale yanayosukuma, kwa hiyo gari linaondoka kwa nguvu bila kuserereka. Kwa lugha ya uwanjani, ni kumweka kiungo pale anapoona pande zote. Khalid Aucho alipokuwa Yanga hakuhitaji kufunga kila wiki ili aonekane muhimu. Alikaa katikati, na timu ikazunguka kwake.

Kambi hii ina shujaa wake pia. Zora Arkus-Duntov, mhandisi aliyeingia General Motors mwaka 1953, alitaka injini katikati tangu zamani. Mwaka 1960 alikuwa tayari na gari la majaribio la mtindo huo. Wakubwa wake hawakumkubalia kwa Corvette ya kuuzwa. Akastaafu mwaka 1975, akafariki mwaka 1996, na wazo lake likatekelezwa miaka 23 baada ya kifo chake. Kila mwenye kocha aliyefukuzwa kisha mfumo wake ukaleta kombe mikononi mwa mwingine anaelewa uchungu huo.

Kambi ya tatu inagombania paa. Paa la Corvette hii ni gumu, linajikunja kwa mota za umeme ndani ya sekunde 16, na linaweza kufanya hivyo gari likitembea hadi kilomita 48 kwa saa. Wapo wanaosema raha ya gari la michezo ni upepo na mlio wa injini masikioni. Wapo wanaojibu kwamba paa likikunjwa linalala juu ya injini, na kioo cha kuionyesha injini hiyo hakipo tena. Yaani umehamisha injini kwa mbwembwe zote, halafu umeifunika shuka.

Hoja zote tatu zina uzito. Na hoja moja inagusa nyumbani moja kwa moja: kizazi hiki cha nane ndicho cha kwanza cha Corvette kutengenezwa kiwandani na usukani wa kulia. Kwa nchi inayoendesha kushoto, gari hilo sasa linaweza kuendeshwa bila kumlazimisha dereva achungulie kama kipa aliyezibwa na ukuta wa mabeki.

INJINI KATIKATI IPO HADI SOKONI

Halafu kuna kicheko ambacho kijiwe kinakijua vizuri. Injini katikati si kitu kigeni Kilosa. Kirikuu inayobeba nyanya na mahindi kwenda sokoni ina injini chini ya viti. Noah za zamani, zile zilizobeba abiria mpaka zikachoka, injini yake imejificha chini ya viti vya mbele, nyuma ya ekseli. Abiria aliyekaa kiti cha mbele siku ya jua anajua joto linalopanda kutoka chini. Fundi anajua zaidi, maana lazima ainue viti ndipo aione injini.

Kwa hiyo fundi wa Chanzuru akisema injini katikati ina raha yake na karaha yake, anazungumza kitu alichokishika kwa mkono. Anajua uzito ukiwa katikati gari linatulia. Anajua pia kwamba nafasi ni finyu, kupoza injini ni kazi, na kazi ndogo ya dakika chache inaweza kugeuka ya nusu siku. Hayo ndiyo mambo ambayo wahandisi wa magari ya mamilioni wanahangaika nayo. Mizani ni tofauti, lakini swali ni lilelile.

SAFARI RALLY ILISHATOA JIBU

Tena ardhi hii ina historia yake katika ubishi huu. Mwaka 1953, mwaka uleule ilipozaliwa Corvette, yalianza mashindano ya magari ya Afrika Mashariki yaliyokuja kuitwa Safari Rally. Vituo vya kuanzia vilikuwa Nairobi, Kampala na Morogoro. Ndiyo, Morogoro, mkoa huuhuu wa Kilosa. Magari yalipangwa kwa madaraja ya bei ya dukani, na hapakuwa na mshindi mmoja wa jumla. Yalikimbia kwenye vumbi na tope, kwenye barabara ambazo wenyeji walizipita kila siku.

Miaka ya 1970 likaja Lancia Stratos kutoka Italia. Lilikuwa fupi, limechongoka kama kabari, injini ya Ferrari Dino nyuma ya dereva. Lilibuniwa kwa kazi moja tu, kushinda mashindano ya magari. Na lilishinda: Lancia ilitwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji mwaka 1974, 1975 na 1976. Ulaya hapakuwa na wa kulisogelea.

Lakini Safari Rally halikuwahi kuishinda. Mwaka 1975 Sandro Munari alimaliza wa pili na Björn Waldegård wa tatu, wote kwenye Stratos, nyuma ya Ove Andersson aliyekuwa na Peugeot 504. Ndiyo Peugeot ileile iliyobeba abiria Afrika nzima. Mwaka 1976 kombe lilikwenda kwa Joginder Singh, Mkenya aliyeendesha Mitsubishi Lancer ndogo. Mwaka 1977 Munari akaishia wa tatu. Miaka ya 1980 zikaja mashine kali zaidi za injini katikati, Lancia 037 na Peugeot 205 Turbo 16. Toyota Celica, injini mbele, ikabeba kombe mwaka 1984, 1985 na 1986.

Joginder Singh huyohuyo mwaka 1965 alishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Gari la mtumba, kwa lugha ya leo. Na Volkswagen ya mgongo wa kobe, injini nyuma kabisa, ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962.

Somo hapo halisemi injini katikati ni mbaya. Linasema gari hupimwa na barabara. Gari lililoitawala lami ya Ulaya lilifika hapa likakutana na mawe, mashimo, tope na ng'ombe, na mizani ikabadilika. Wazee waliokaa kandokando ya barabara zile hawakuuliza injini iko wapi. Waliuliza gari limefika au halijafika. Huo ulikuwa uamuzi wa mashabiki wenye macho, kwa sababu kitu kiliwapita mbele ya nyuso zao.

Na jambo hilo Kilosa inalielewa. Jirani na Chanzuru pana Ilonga, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Mbegu pale haisifiwi kwa picha ya kwenye mfuko. Inapandwa kwenye shamba la majaribio, inaachiwa jua na mvua na wadudu, halafu ndipo inasemwa hii itamfaa mkulima au haitamfaa. Maoni bila shamba la majaribio ni maneno tu. Ubishi wa magari wa leo umekosa shamba lake.

USHABIKI USIO NA UWANJA

Hapo ndipo penye tatizo lenyewe. Kijana wa Chanzuru anayependa mpira ana ngazi ya kupanda. Kuna timu ya mtaa, mashindano ya shule, ligi ya wilaya, ligi ya mkoa, na juu kabisa Ligi Kuu. Ngazi hiyo ina mapengo na malalamiko yake, lakini ipo. Mtibwa Sugar ilitoka kwenye mashamba ya miwa ya Turiani, mkoani humuhumu Morogoro, ikawa bingwa wa Tanzania mwaka 1999 na 2000. Mtoto akiambiwa habari hiyo anajua inawezekana.

Kijana huyohuyo akipenda magari, ngazi ya kwanza haipo. Magari ya mashindano anayaona kwenye simu. Safari Rally ya dunia ilirudi mwaka 2021, lakini inakimbiwa Kenya, kule Naivasha. Mbio za Mkwawa, zilizo kwenye ubingwa wa Afrika, zimeleta magari kwenye vumbi la Morogoro, na hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini magari yakiondoka, ndiyo yameondoka. Hakuna kinachobaki wilayani cha kumwambia kijana aanzie hapa.

Ushabiki usio na uwanja haufi. Unahamia barabarani. Bodaboda inageuka gari la mashindano, na barabara ya kwenda Kilosa mjini au Mikumi inageuka uwanja. Hakuna mwamuzi na hakuna gari la wagonjwa. Kinachovuka mbele ni mtoto wa shule, mama mwenye ndoo, kundi la ng'ombe. Anayefika barabara kuu ya Mikumi anakuta hifadhi ya taifa, tembo na twiga wanavuka, mwendo wa mchana umewekewa kikomo cha kilomita 70 kwa saa, na mabango ya faini kwa anayegonga mnyama yanasomeka wazi. Pale hakuna cha kujaribu.

Kumwambia kijana huyo aache kupenda mwendo ni kupoteza muda. Hakuna aliyewahi kumaliza ubishi wa Simba na Yanga kwa kuwaambia watu waache. Kilichofanyika ni kuweka uwanja, mistari, kipenga na saa. Mchezo wa magari unadai hivyohivyo.

Kuna hoja ya kupinga, na si ya kupuuzwa. Mchezo huu ni ghali na ni hatari. Mwaka 1986 kwenye mashindano ya Ureno, Ford RS200, nalo la injini katikati, liliacha barabara likaparamia watazamaji waliojazana, watatu wakafa. Miezi miwili baadaye Henri Toivonen na msoma ramani wake Sergio Cresto walikufa Corsica kwenye Lancia Delta S4. Magari ya daraja lile yakapigwa marufuku msimu ulipokwisha.

Lakini angalia kilichofuata. Mchezo haukuzikwa. Magari yalipunguzwa makali, na watazamaji wakawekewa utaratibu wa mahali pa kusimama. Hatari ilijibiwa kwa sheria na usimamizi. Chanzuru na vijiji vya jirani vina hatari kila siku, na usimamizi wenyewe ndio haupo. Anayesema mchezo wa magari ni hatari ajibu kwanza swali hili: mbio zinazokimbiwa sasa barabarani, bila kofia ngumu na bila kamba, zina usalama gani?

KINACHOWEZEKANA

Gharama nayo inapimwa vibaya. Watu wakisikia mashindano ya magari wanawaza gari la mamia ya mamilioni, msafara wa mafundi, matairi ya kutupa. Hiyo ni Ligi Kuu. Hakuna anayeanzisha ligi ya wilaya kwa kununua mshambuliaji wa Ulaya. Ngazi ya chini ya mchezo huu ni uwanja mpana wa udongo, vizuizi vya kuzunguka, saa ya kupima muda, na gari moja moja likiingia kwa zamu. Kirikuu inaweza kushindana na kirikuu. Pikipiki na pikipiki. Mwendo hauhitaji kuwa mkubwa. Kinachoshindanishwa ni mkono wa dereva na utayari wa chombo.

Mahali papo. Kilosa ina mashamba makubwa ya mkonge, yenye njia za ndani zinazoweza kufungwa kwa siku moja bila kumzuia msafiri yeyote, kwa makubaliano na wenye mashamba. Watu wapo pia. Chuo cha VETA kipo Mikumi, na kijana anayejifunza ufundi angenufaika kuliko wote kufanya kazi siku ya mashindano, pale gari linapoingia limevunjika na saa inahesabu. Hakuna darasa linalofundisha kwa kasi hiyo.

Chama cha Magari Tanzania, AAT, ndicho chenye dhamana ya mchezo huu nchini. Jukumu lake lisiishie kupanga mashindano makubwa machache kwa madereva walewale. Kishuke wilayani, kifundishe wasimamizi wa njia, watunza muda na watu wa usalama, na kiache nyuma watu wenye ujuzi. Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa itenge siku moja kwa mwaka na uwanja mmoja. Polisi wa usalama barabarani waje siku hiyo wakiwa walimu. Kijana akifundishwa breki na kona mahali palipofungwa, ataiheshimu barabara iliyo wazi. Na Baraza la Michezo la Taifa likikagua maendeleo ya michezo mikoani, liulize na huu uko wapi.

Hayo hayaibi chochote kwa mpira. Shabiki wa Chanzuru ana nafasi moyoni kwa vyote viwili, na ndiyo maana ubishi wa gari unafanyika wakati wa mapumziko ya mechi. Mwenye akili anaona hapo hadhira iliyokwisha kukusanyika, inayojua tofauti ya injini ya mbele na ya katikati bila kufundishwa na mtu.

Corvette yenyewe huenda isifike Chanzuru kamwe. Tumbo lake liko karibu mno na ardhi, na mvua za Kilosa, zilizowahi kuufanya mto Mkondoa ufurike na kuisomba reli, hazitanii na gari la aina hiyo. Si hoja. Stratos nalo lilipata shida kwenye barabara za Afrika Mashariki, na bado watu wanalizungumza nusu karne baadaye, kwa sababu waliliona likipita.

Vijana wa kibanda umiza hawadai gari la Dola 180,000. Wana maoni, wana macho, na baadhi yao wana spana. Kilichobaki ni uwanja wa kuyapima maoni hayo kabla barabara ya Kilosa haijayapima kwa namna yake, maana yenyewe haina kipindi cha pili.